Mwanzi wa Baba

Watu wa zamani wa Nyarugusu watakumbuka nyumba za turubai za mwanzo, mwisho wa 1996 na mwaka uliofuata. Kila nyumba ilisimama kwa miti ya porini. Yetu ilikuwa na miti mitano na mwanzi mmoja. Huo mwanzi ndio ulibeba turubai pale katikati, na ulikuwa mwanzi wa ndoana wa baba, aliouvusha ziwa kutoka upande wa Baraka akiwa ameulaza ndani ya mtumbwi, chini ya miguu yetu. Mimi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka mama akinung'unika: sufuria tumeacha, mwanzi tumebeba.

Kazi ya baba kule haikuwa ya mwanzi. Alikuwa mtu wa wavu, anatoka usiku na taa kufuata ndagala. Lakini wavuvi wa Tanganyika wanajua: mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, samaki hawakusanyiki. Siku zile mitumbwi inakaa mchangani, watu wanashona nyavu, na baba anachukua mwanzi wake anaenda kukaa kwenye mawe. Anarudi na samaki wawili watatu wa mboga ya nyumbani. Ulikuwa mwanzi wa siku zisizo na kazi.

Tulipojenga nyumba ya matofali, mwanzi ukashushwa. Ulikuwa mweusi kwa moshi, na mchwa walikuwa wameshaula kitako. Baba akakata sehemu iliyoliwa, kama shibiri mbili. Toka hapo kila kiangazi aliufuta kwa kitambaa, akaupaka mawese, akautundika chini ya paa. Mawese yanang'arisha kweli, lakini hayakauki. Yanashika vumbi na kuita sisimizi. Mimi niliona ni kupoteza mafuta ya kula. Ziwa liko Kigoma, kutoka kambini ni kwa kibali, na baba hajawahi kuomba kibali cha kwenda kuloa samaki. Siku moja dada mmoja wa shirika alipita nyumba kwa nyumba akiandika nani ana vifaa gani vya kazi. Baba akautaja mwanzi. Dada akacheka kidogo, kwa adabu: "Mzee, hapa mnavua wapi?" Baba akamwambia, "Wewe andika tu, mwanangu."

Mwaka 2005 nilikuwa najifunza useremala. Nilikuwa nimeshika randa miezi minne tu na tayari najiona fundi. Baba akalazwa wiki moja kwa malaria, nikasema akirudi nimfanyie jambo. Nikaomba kopo la rangi ya mafuta lililobaki watu walipomaliza kupaka milango. Rangi ya bluu.

Tulikuwa tumefundishwa kwamba rangi haishiki juu ya kitu kinachoteleza. Kweli, na ganda la mwanzi linateleza kama sahani. Basi nikachukua msasa mkali, ule wa kulainishia mbao mbichi, nikasugua mpaka mng'ao wote ukaisha. Vifundo vilivyotokeza nikavisawazisha viwe bapa. Kulikuwa na nyuzi zimezungushwa sehemu nne, za zamani, zimekakamaa kwa uchafu. Nikazikata kwa wembe, nikazitupa jikoni kwenye moto. Halafu nikapaka mikono miwili ya bluu. Ulipendeza, siwezi kudanganya. Majirani walikuja kuuangalia.

Baba aliporudi aliuangalia muda mrefu. Akasema, "Umeupaka rangi ya mlango." Akashika kitako, akaegemeza ncha chini, akaubonyeza taratibu ujipinde. Ukalia. Sauti ndogo, kama kijiti cha kibiriti, kwenye kifundo cha tatu. Nguvu ya mwanzi iko kwenye ganda, ndani ni nyama laini tu, na mimi ganda nilikuwa nimelimaliza pale kwenye vifundo.

Nilingoja matusi. Aliniuliza tu: "Ule uzi mwekundu uliuweka wapi?"

Nikamwambia.

Ule mwekundu, wa pili kutoka juu, alikuwa ameuzungusha yaya, kaka yangu mkubwa, aliyebaki upande ule. Aliuchomoa kwenye sweta lake mwenyewe. Mpaka leo hatuna habari zake. Mimi sura yake naikumbuka kidogo sana, na ule uzi ulining'inia juu ya kichwa changu miaka yote, sikuwa najua ni wa nani. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

Wiki iliyofuata baba alinipa kipande cha chupa iliyovunjika. Rangi tuliitoa kwa kukwangua, siyo kwa msasa: ukingo wa chupa unaulaza kidogo, unavuta kuja kwako, rangi inatoka kama maganda ya kitunguu na ganda la mwanzi linabaki. Ilituchukua siku tatu. Pale palipopasuka tukafunga uzi wa magunia ya posho, ule wa kushonea mdomo wa gunia. Ukiipata ncha yake sahihi unavutika wote mara moja. Ukikosea utakata vipande mpaka jioni. Unalaza ncha ya uzi kwenye mwanzi, unazungusha juu yake ili ijibane yenyewe. Ikibaki mizunguko sita hivi unaweka kitanzi cha uzi mwingine, unazungusha juu yake pia, unapitisha ncha ndani ya kitanzi na kuvuta. Hakuna fundo linaloonekana.

Halafu vanishi. Hilo ndilo nililoleta mimi kwenye kazi hii, na baba alikubali kuacha mawese. Mkono wa kwanza unazimuliwa sana kwa thina ili uingie ndani ya nyuzi. Miwili inayofuata ni myembamba, siku nzima kati ya mmoja na mwingine. Mwagia sakafu maji kwanza vumbi litulie, na mwambie mama asiwashe moto karibu. Mwanzi unautundika wima, ukiulaza utakauka na upinde.

Sasa ni mimi ninayeufanya, kila Julai. Macho ya baba hayaoni vizuri. Nikimaliza anapitisha kidole gumba kutoka kitakoni kwenda juu, anahesabu: uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka juzi nilipata uzi mwekundu mzuri sokoni, nikamwambia nataka kuufunga pale pa yaya. Akasema hapana, hapo paache.

Kwa hiyo pale pana vanishi tu. Kidole chake kinafika, kinasimama kidogo, kinaendelea.