Kinachopita na Kinachokaa

Zamani za filamu, picha ya kampuni ilikuwa imekwisha kupigwa, kwa sehemu yake kubwa, kabla mpiga picha hajafungua mkoba wake. Tadbiri ya kazi iliweza kuchukua wiki nzima na kazi yenyewe ikaisha kwa asubuhi moja, kwa sababu kila picha iligharimu fedha, mkanda wa filamu ya mraba tuliyoipenda ulitoa picha 12 tu, na hapakuwa na mtu, awe meneja au mpiga picha, aliyeweza kujua yaliyopatikana mpaka mkanda umesafishwa gizani na kukauka. Nilijifunza kazi hii Mombasa katika miaka ya 1970, mikononi mwa fundi mmoja aliyekuwa na studio ndogo karibu na barabara ambayo wakubwa wetu waliijua kwa jina la Salim Road, na ambayo leo ni Digo Road. Riziki yake ya kila siku ilitoka kwa maharusi na picha za pasipoti, bali fahari yake ilikuwa katika kazi za mashirika: ripoti za mwaka, kalenda, majengo, viwanda, na sura za wakurugenzi.

Alinifundisha jua kabla ya kunipa kamera. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na mapema mwezi wa Oktoba. Baina ya Machi na Oktoba njia yake huelekea kaskazini, na miezi iliyosalia huelekea kusini. Jengo lenye uso wa kaskazini, basi, hupata nuru ya mchana katika majira ya kusi, ambayo ndiyo majira ya mawingu, na ikiingia kaskazi, anga ikatakata na bahari ikang'aa, uso huohuo huwa umekaa kivulini. Meneja aliyetaka makao yake makuu yatoke katika kalenda ya mwaka mpya aghalabu alilikumbuka jambo hilo Novemba. Fundi wangu alikwisha kumwendea tangu Julai, akamweleza kwa upole kwamba jua halimngoji, na akapanga kuivizia siku moja njema baina ya mvua mbili, ama saa moja hadi saa tatu za asubuhi, ama alasiri kuanzia saa kumi, kwa maana jua la adhuhuri katika nchi yetu huangukia kichwani na kumtia mtu mashimo ya weusi mahali pa macho.

Siku ya kwenda kukagua mahali alichukua daftari peke yake. Aliandika tundu za umeme ziko wapi, dari ina urefu gani, kuta zina rangi gani itakayorudi nyusoni mwa watu, nani ana funguo, na mfagizi anafika saa ngapi. Aliuliza pia kama ofisi ina mashine ya hewa baridi, kwani lenzi iliyotoka katika ubaridi ule na kukutana na joto la Kilindini hufunikwa na ukungu papo hapo, wala kuifuta hakusaidii; mkoba huachwa umefungwa mpaka vyombo vyote vipate joto la mahali, na muda huo wa kungoja lazima uwemo katika ratiba, la sivyo mkurugenzi atasimama juani na kutoa jasho mpaka shati limshike mwilini.

Ndani ya majengo taabu ilikuwa rangi. Wachapaji wa ripoti walitaka slaidi, na filamu ya slaidi tuliyoitumia ilitengenezwa kwa nuru ya mchana. Taa za tyubu, ambazo jicho la mwanadamu huziona nyeupe, katika slaidi hutoka kijani, na balbu za kawaida hutoka manjano nzito. Ukumbi mmoja wa benki uliweza kuwa na nuru zote tatu, na slaidi haisamehe. Dawa yake ilikuwa kuijenga picha moja kwa awamu: kamera ilifungwa juu ya tripodi isitikisike, taa zote zikazimwa, filamu ikapewa nuru ya madirishani peke yake; kisha lenzi ikafunikwa, tukangoja jua litue na madirisha yafe, taa za tyubu zikawashwa, kichujio cha rangi ya waridi iliyokolea kikawekwa mbele ya lenzi, na filamu ileile, bila ya kusogezwa, ikapewa nuru mara ya pili. Kwa hiyo picha moja ya ukumbi ilianza alasiri na kukamilika baada ya sala ya Magharibi, na katika muda wote huo hapakuwa na ruhusa ya mtu kugusa hata kiti. Ilikuwa kazi ya subira, na niliipenda kuliko zote.

Mtihani mkubwa, hata hivyo, ulikuwa sura za watu. Baada ya uhuru wa 1963 bodi za mashirika zilianza kumkutanisha Mwafrika, Mhindi, Mwarabu na Mzungu katika meza moja, na filamu tuliyoitumia haikuandaliwa kwa meza ya namna hiyo. Kodak ilipeleka katika maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi ambazo mafundi wa Marekani waliziita Shirley. Ngozi ya mwanamke yule ndiyo iliyokuwa mizani, na ngozi nyingine zote duniani zilipimwa kwa hiyo. Matokeo yake ni kwamba katika picha ya pamoja Mzungu alitoka na kila mstari wa uso wake, ilhali mkurugenzi Mwafrika aliyekaa ubavuni mwake, pengine mwenye cheo kumpita, alitoka macho na meno tu. Filamu zilikuja kuboreshwa baadaye, na watu waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyosikilizwa yalikuwamo ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za hudhurungi hazikutoka sawasawa. Ninalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu nyuso za wazee wetu zilikuwa zimelalamika muda wote huo katika kila studio kutoka Lamu hadi Lindi.

Fundi wangu hakungoja insafu ya kiwandani. Kipima nuru alikisogeza kwanza karibu na shavu la yule aliye mweusi kuliko wote, akasoma hapo, na wengine akawatengenezea baadaye. Waliokuwa weupe aliwakalisha mbali kidogo na taa, waliokuwa weusi karibu. Wala hakuwapiga flashi kavu: alitandaza shuka kubwa jeupe juu ya fito mbili, taa ikapitia ndani yake, kwa kuwa ngozi nyeusi huonekana hasa kwa nuru inayorudi kutoka juu yake, na nuru ndogo kali huacha madoa meupe juu ya paji na pua, bali nuru pana hutambaa juu ya shavu lote na kudhihirisha umbo lake. Maarifa haya hakuyasoma katika kitabu chochote. Vitabu vilivyotufikia vilizungumzia nyuso nyingine. Mpaka leo, nikiona ripoti ya zamani ambayo ndani yake kila mjumbe wa bodi ana uso kamili, najua kwamba palikuwa na mtu aliyetaabika kwa ajili ya haki hiyo ndogo.

Kisha ikaja penseli. Vijana wengi huamini kwamba kurekebisha picha kulizaliwa pamoja na kompyuta, na ukweli ni kwamba studio za pwani zilikuwa zikifanya hivyo tangu enzi za negativu za vioo. Negativu kubwa iliwekwa juu ya meza ya mteremko yenye kioo cha ukungu, chini yake kioo cha kujitazamia kikarusha nuru ya dirishani kwenda juu, na vanishi nyembamba ikapakwa ili risasi ya penseli ipate kushika. Ncha ilichongwa kwa msasa mpaka ikawa kama sindano ya kushonea kofia. Katika negativu mambo yamegeuzwa: kunjo la uso, ambalo katika picha ni jeusi, huwa ni upenyo angavu, na mkono huujaza kwa viduara vidogo vidogo mno mpaka kunjo likafifia; palipozidi weusi wa negativu palikwanguliwa kwa kisu, na huo ulikuwa ujasiri, kwa kuwa kilichokwanguliwa hakirudi. Vumbi lililoacha vidoa vyeupe katika picha iliyokwisha kuchapwa lilizibwa kwa brashi ya nywele chache na wino wa maji. Sura moja ya mwenyekiti iliweza kumla mtu jioni nzima.

Nilikuwa nimeisikia kanuni yake kabla sijaruhusiwa kuishika penseli hiyo. "Mwanangu," alisema, "kinachopita kiondoe, kinachokaa kiache." Chunusi itakuwa imepona kabla ya ripoti kutoka kiwanda cha chapa; kipele cha wembe, jicho jekundu la safari, ukosi uliopinda, hivyo ni vya siku ile na havimhusu mtu. Lakini kovu ni lake, chale ni zake, mwanya ni wake, na makunjo ya mwenye miaka sitini ameyalipia. Kunjo lilififishwa kadiri taa ilivyolizidisha, likaachwa lilivyo usoni. Simaanishi kwamba kukata na kuunganisha picha ni hatia. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki 1993, alisifika kwa picha alizozikata na kuziunganisha kwa mkono wake, na aliyezitazama alijua kwamba anatazama ubunifu wa fundi. Ripoti ya kampuni ni kitu kingine: hiyo husomwa kama ushahidi.

Mabadiliko yalianza polepole kwa karatasi za Polaroid, zilizotuonyesha kwa muda wa dakika moja hivi jinsi taa zilivyokaa, na kwa mara ya kwanza mteja akawa na la kusema kabla mkanda haujapigwa. Baadaye yakaja kwa mbio. Photoshop, programu ya kurekebishia picha, ilikuwa imetoka 1990. Mwaka 1999 Nikon ikatoa kamera ya dijitali ya D1, yenye pikseli milioni 2.7 tu, ambayo hata hivyo iliwatosha wapiga picha wa magazeti. Mwaka 2002 Photoshop ikapata brashi ya kuponya ngozi, na kilichokuwa kazi ya jioni nzima kikawa kazi ya kitambo kidogo. Nami niliyapokea yote kwa shukrani. Leo ule ukumbi wa benki wenye nuru za namna tatu hutengenezwa bila ya kuzima taa hata moja. Vihisi vya kamera za sasa husoma ndani ya kivuli yale ambayo filamu iliyameza. Na kifua changu, ambacho dawa za chumba cha giza zilikuwa zimeanza kukidhuru, kimepumzika.

Bali ile tadbiri ya mwanzo ikaanza kuyeyuka. Meneja akawa anapiga simu leo kwa kazi ya kesho, saa sita ya mchana, chini ya jua la utosi. Ukimwuliza habari za kwenda kukagua mahali hujibu kwamba kompyuta itarekebisha. Na kompyuta ilipokwisha kupewa amana hiyo, maombi yakapanuka: nyaya za umeme ziondolewe mbele ya jengo, kisha jengo la jirani, kisha tumbo la mwenyekiti. Ombi lililoniudhi kuliko yote, na ambalo nimelisikia kwa watu wenye elimu na vyeo, ni la kumfanya mtu mweupe kuliko alivyo. Tulitaabika miaka mingi na shuka na kipima nuru ili mtu mweusi aonekane kamili katika weusi wake, na chombo kilichoweza kulikamilisha jambo hilo kikaombwa kulifuta.

Kampuni moja iliniita kuwapiga picha wafanyakazi wake uwanjani, mahali penye mizigo iliyoning'inia juu ya vichwa vya watu, nikakuta kwamba hawana kofia za usalama. Bwana aliyesimamia ripoti aliniambia kwa adabu, "Mzee, hizo kofia utatuwekea kwenye kompyuta." Nikamjibu kwamba zikiletwa kofia nitarudi na kupiga tena bila ya malipo, na kwamba kuzichora siwezi, kwa kuwa mwenye hisa au mkaguzi atakayeifungua ripoti ataamini kwamba watu hawa wamekingwa, nao hawakukingwa. Hazikuletwa. Ripoti ilichapwa kwa kazi ya mtu mwingine, na humo wafanyakazi wote wamevaa kofia za manjano zilizoangaziwa kutoka kushoto, ilhali jua la uwanja ule limewapiga kulia. Tangu 2023, Photoshop ilipopewa uwezo wa kujaza picha kwa akili bandia, hata kosa hilo la jua halitaonekana tena, na ndiyo maana nimekuwa mkali zaidi.

Binti anayejifunza kwangu sasa aliijua skrini kabla ya kulijua jua, na ana mkono mwepesi kuliko wangu. Hurekebisha juu ya tabaka ya pekee, asili ikabaki chini yake haijaguswa, na mteja akitaka kujua kilichobadilishwa huonyeshwa papo hapo. Mwanzoni alikuwa akinung'unika, "Ami, ya nini kwenda leo kama picha ni ya Alhamisi?" Siku hizi daftari la ukaguzi ni lake, na amelitia safu ambayo fundi wangu hakuwa nayo: majina ya watakaopigwa picha na saini za ridhaa yao, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imempa kuli haki juu ya sura yake sawasawa na mkurugenzi, nami naona ilichelewa.

Mkataba wangu una kifungu ambacho nilimwomba wakili anisaidie kukiandika: kwamba vya kupita vitaondolewa bila ya kuulizwa, kwamba rangi ya ngozi, makovu na umri havitaguswa, kwamba asiyekuwapo hatatiwa, na kwamba kifaa cha usalama kisichovaliwa hakitachorwa. Baadhi ya mashirika hukitia saini bila ya kukisoma, mengine hukisoma na kuniomba nikilegeze, na yako ambayo hayakurudi. Sijakilegeza, na mkataba wa kazi ya Alhamisi ijayo umetiwa saini.