Kipimo Kilisema Hapana

Tunaandika kutoka bloku yetu hapa Mantapala, wilaya ya Nchelenge. Mwezi huu tumesema na sisi tuandike, kwani habari hii ilitukuta nyumbani.

Tulivuka mwaka 2017 tukitoka upande wa Pweto, tukapita nchi ya Chifu Puta mpaka Kenani, na mwaka 2018 tukaletwa hapa. Malaria ya pande hizi za Ziwa Mweru munaijua. Kule kwetu mutoto akipata homa tulikuwa tunatafuta vidonge vilivyobaki, tunavunja nusu tunamupa, nusu ingine tunamuwekea mwenzake. Ndivyo tulijua.

Hapa kuna wajitoleaji wa afya, majirani zetu waliofundishwa. Wanatoboa kidole, tone moja la damu, munangoja dakika kama 15. Kama malaria ipo, wanatoa dawa ya siku 3, asubuhi na jioni, na mutoto ale kitu chenye mafuta. (Sisi tunatia karanga ndani ya uji.)

Basi usiku mumoja kitinda mimba wetu aliwaka moto. Asubuhi dada wa bloku akaja, akapima. Hakuna malaria. Tulikasirika sana! Baba akasema, "Wewe dada, mutoto anawaka namna hii, unatunyima dawa?" Na kusema kweli, vidonge vya zamani vilikuwa bado ndani ya sanduku, mama alikwisha kushika ufunguo.

Dada hakujibu maneno yale. "Papa, acha nihesabu pumzi yake." Akapandisha shati ya mutoto, akaangalia saa, akahesabu dakika nzima. Mara 58. Kwa mutoto wa miaka miwili, kuanzia 40 tayari ni mbio. Tena akatuonyesha chini ya mbavu: kila akivuta hewa, nyama inaingia ndani. Tulikuwa tumelala naye usiku kucha, hatukuona kitu.

"Hii ni mapafu. Muende kliniki sasa hivi, musingoje jua." Akaandika karatasi, tukaazima baiskeli, mama nyuma na mutoto mgongoni.

Alipona, sasa anasumbua kuku za watu. Vile vidonge tulivipeleka kliniki. Baba naye alikwenda kwa dada kuomba musamaha, na samaki wawili mkononi. Dada akachukua mumoja. Ule mwingine, akasema, tumupikie mutoto.