Mlembe wa Ziwa Eyasi

Ukijaliwa kufika kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, tega sikio penye mibuyu. Huko Mhadzabe hupiga mluzi, naye mlembe, ndege mdogo wa rangi ya kijivu, humwitikia na kumwongoza mti hadi mti mpaka kwenye tundu la nyuki. Ndege ajua asali ilipo, lakini nyuki hawawezi. Mtu ana moto na shoka. Mtu hupata asali, ndege hula nta na mabuu.

Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa kutetemesha ulimi na kumalizia mguno. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mlembe wa Eyasi huelekea kuitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara 3 kuliko mwito wa Kiyao. Kumbe ndege hujifunza lugha ya jirani zake!

Lakini watu walikoacha kumfuata mlembe, wakatosheka na sukari ya dukani, desturi hii imefifia. Basi uendapo na watoto, wausikilize vema mluzi ule: ni mkataba usioandikwa, nao hudumu kwa kutimizwa tu.