Nyuso za Gihosha

Kijana aliyezaliwa hapa Gihosha, Bujumbura, akifika miaka kumi na sita bila kuona uso hata mmoja kwenye mti, kuna kitu tumempokonya. Mpwa wangu ni huyo.

Sisi, utotoni, tulipandisha kilima kutoka Nyabagere tukiwa na mbwa wetu, Simba, kuelekea mashamba ya mihogo. Simba hakuwa na haraka. Alinusa kila shina mpaka mizizini, nasi tukimngoja, ndipo macho yalipoanza kazi: hapa pua, pale kidevu. Murinzi tu hatukuuchungulia sana, maana bibi alituonya kwamba ni mti wa matambiko ya Kiranga, roho wa jadi.

Uso niliouzoea kuliko yote ulikuwa kwenye mvumu mmoja, kando ya duka la mzee aliyeuza chumvi, sabuni, mawese na ndagala. Harufu ya ndagala zile, zilizoanikwa mchangani huko ziwani, ilimshinda Simba nguvu. Alijilaza chini ya mvumu, haitiki hata akiitwa, mpaka mzee amrushie vichwa viwili vitatu. Juu yake uso ulitukodolea: jicho moja kubwa, jingine dogo, mdomo umepinda. Mzee ndiye aliyetueleza. Tawi la mvumu likichomekwa ardhini huota, kwa hiyo watu huukata matawi wapate kupanda ua. Penye jeraha la panga, gome hujikunja polepole kutoka ukingoni, na katikati hubaki tundu. Lile jicho kubwa ni tawi alilokata baba yake, siku alipozungushia nyumba ua wa kwanza. Nikaanza kuutazama kila uso nikijiuliza ni panga la nani.

Mvumu ule uliangushwa 2010, hivyo ndivyo nilivyoamini. Dada yangu asema ni baada ya mafuriko ya Februari 2014. Haidhuru. Duka nalo likaenda, korongo likala njia, maghorofa yakapanda, ikulu ikajengwa Gasenyi.

Kinachoniudhi ni miti ya sasa: michikichi ya mapambo mbele ya mageti, na mikaratusi inayokatwa nguzo kabla haijapata kovu. Uso kama ule hutaka miaka, na hapa hakuna anayeupa mti miaka. Mbwa wapo, tena wakubwa kuliko Simba, lakini kazi yao ni kulinda magari. Jirani yangu anao wawili. Hawajafika hata Nyabagere.