Mgeni wa Usiku Chini ya Kilima cha Sagalla



Wengi wetu tuishio Mombasa tumeipita barabara ya Nairobi mara nyingi. Tunasinzia Mariakani na kuamka Mtito Andei, na Tsavo, mbuga kubwa kuliko zote nchini mwetu, tunaipita macho yamefumbwa. Nami nilikuwa mmoja wao hadi likizo ya Agosti mwaka 2022, nilipofunga safari pamoja na mke wangu na mjukuu wetu wa miaka tisa kwenda kumzuru shangazi yake mke wangu, aishiye chini ya kilima cha Sagalla, karibu na Voi.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Tulipoiacha Maungu nyuma, nyasi zilikuwa zimekwisha na vichaka vimebaki vijiti vya kijivu. Ghafla dereva akapunguza mwendo. Ndovu saba walikuwa wakivuka lami, wekundu kama matofali kwa udongo waliojimwagia. Mbele alitangulia jike mkongwe, kwani kundi la ndovu huongozwa na bibi wala si babu, jambo ambalo mke wangu hakuacha kunikumbusha hadi tulipofika. Mjukuu akataka kushuka apige picha. Dereva akamkataza, na honi pia hakupiga. "Hii ni njia yao," alisema. Nilimhimidi Mola kwa uzuri ule, na moyoni nikajiona kwamba sasa nimewajua ndovu.

Shangazi alitukirimu kwa wali na pojo za nazi. Kabla ya kulala alitoa agizo moja: asitoke mtu nje kabla ya mapambazuko bila ya kumwamsha yeye. Niliitikia kwa heshima, lakini sikulitia maanani.

Yapata saa kumi za usiku niliamka kama ilivyo ada yangu, nikachukua birika nikatie udhu kwenye tangi lililokuwa uani. Nilifungua komeo taratibu nisiwasumbue waliolala. Nje palikuwa na harufu ya kinyesi na majani yaliyotafunwa, na mngurumo wa chini sana, kama ngoma isikikayo kutoka mtaa wa pili. Nikawasha taa ya simu. Kile nilichokidhania kuwa giza kikasogea, na pembe nyeupe ikang'aa mbele yangu, hatua sita au saba tu.

Sikukumbuka dua wala kukimbia. Mkono ulinishika kanzu kwa nyuma. "Zima taa, mwanangu," alinong'ona shangazi. "Rudi kinyumenyume, usimpe mgongo." Tulipofunga mlango, kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga kwa mtetemeko wa mkono wangu. Kisha tukasikia plastiki ikipasuka na maji yakimwagika kwa kishindo. Kupitia upenyo wa dirisha, katika mwanga hafifu wa mwezi, nilimwona ndama akiwa kati ya miguu ya mamake, akinywa matope yaliyokuwa maji ya shangazi.

Asubuhi tulitazama hasara. Tangi lilikuwa limechanika kutoka juu hadi chini. Nilimwomba shangazi radhi kwa kulivunja agizo lake, naye akasema ndovu walifuata maji, si taa yangu, na kwamba ile ilikuwa mara ya tatu. Kwa mazoea yetu watu wa mimbari, nikaanza kumnasihi asubiri, kwani hao nao ni viumbe wa Mola. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi siwachukii. Nimemwona yule mtoto akinywa nikamhurumia. Lakini wewe umewaona usiku mmoja. Mimi nalala nao mwaka mzima. Mvua ikinyesha wanakula mahindi, isiponyesha wanavunja tangi. Hao wanaowapenda ndovu kutoka mbali, nani amewahi kuniuliza leo nitapikia maji gani?"

Sikuwa na jibu. Nilitoka nikamsaidia kukusanya maji machache yaliyobakia kwa kata.

Baadaye alituonyesha shamba la jirani yake, lililozungukwa na mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Mnyama yule mkubwa humwogopa mdudu yule mdogo, na mwenye shamba hurina asali. Shangazi naye aliitamani mizinga hiyo, lakini fedha zake zote zilikuwa zimeingia katika tangi.

Siku ya pili tulikwenda Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Katikati ya nchi iliyokauka kama kaa, maji maangavu yanabubujika kutoka katika miamba. Ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyosafiri chini ya ardhi. Tukiongozwa na askari wa mbuga, tuliingia katika chumba kilichojengwa chini ya uso wa maji, na kupitia kioo tukawaona samaki. Nje viboko walikuwa wamejilaza, masikio tu yakitikisika. Askari alitueleza kuwa kinyesi cha kiboko ndicho kinachowalisha wadudu na samaki wa pale. Akaongeza kuwa sehemu ya maji ya chemchemi hiyo husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa, tangu miaka ya 1950.

"Babu, kwa hiyo tunakunywa maji ya viboko?" aliuliza mjukuu.

"Ni maji ya Mungu," alijibu mke wangu. "Wao wapo karibu na mlango tu."

Mwezi wa Novemba wizara ilitangaza kuwa ndovu 205 walikuwa wamekufa nchini kati ya Februari na Oktoba kwa sababu ya ukame. Nilimkumbuka yule ndama, na sijui kama alivuka. Ukoo wetu ulichangishana. Wanaume tulipendekeza tangi kubwa zaidi. Shangazi akasema litavunjwa vilevile. Akachagua tangi dogo lililojengewa ukuta wa mawe, na fedha zilizobaki akanunua waya na mizinga ya kuanzia.

Enyi wazazi mtakaosafiri na watoto likizo ijayo, msiwape nyani chakula dirishani, msiwapigie ndovu honi, wala msishuke garini kwa ajili ya picha. Na mkifika kwa wenyeji, waulizeni hali zao kabla ya kuwasifia wanyama wao. Mimi niliuliza baada ya kuvutwa kanzu. Tangu hapo, kila nikitia udhu nyumbani, hufungua bomba nusu tu.

Wabillahi tawfiq.