Mji wa Kustaafia

Mtu akiisha kupita miaka arobaini na mitano huanza kuulizwa swali ambalo hakupata kuulizwa zamani, nalo ni hili: utakwenda kukaa wapi ukistaafu? Mimi naliulizwa na mke wangu, usiku mmoja wa mwezi wa Julai, tulipokuwa likizoni kwetu Njombe. Baridi ya mwezi ule haihitaji maelezo kwa anayeifahamu, na asiyeifahamu haamini kwamba katika Tanzania kuna mahali ambapo umande huganda juu ya majani ya viazi hata ukaonekana mweupe kama chumvi. Mke wangu ana baridi yabisi ya magoti. Usiku ule hakulala. Alikuwa ameketi kando ya jiko la makaa, amejifunika mablanketi mawili, akaniambia kwa sauti ndogo ili kaka yangu aliyelala chumba cha pili asisikie, "Baba, mimi sitaweza kuzeeka hapa."

Sikumjibu. Kwetu sisi watu wa bara, na hasa sisi tulioondoka vijijini kwa sababu ya elimu, kustaafu si jambo la kuchagua mahali. Ni jambo la kurudi. Mtu hutoka kwao kijana, akafanya kazi katika miji ya watu, na nguvu zikipungua akarudi kujenga karibu na makaburi ya wazee wake. Shamba langu lipo. Kaka yangu amelitunza kwa miaka ishirini. Amelipanda misindano na, siku hizi, maparachichi, na kila niendapo hunitembeza mpakani kwa miguu, akanionyesha jiwe baada ya jiwe, kana kwamba aogopa nisije nikasahau. Habari ya kuchagua mji wa kuzeekea nalijua kwa wageni tu. Waingereza wengi huhamia Hispania uzeeni kwa ajili ya jua, na Wamarekani hukimbilia Florida kwa sababu hiyo hiyo. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya udaktari nalikutana na wazee wa namna hiyo, nikawahurumia, nikidhani kwamba wamefukuzwa na watoto wao.

Tuliporudi Dar es Salaam tukaanza kuhesabu. Mtumishi wa umma katika nchi yetu aweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na aghalabu hulazimika kustaafu akifika 60. Mimi nilikuwa na miaka 46. Miaka iliyosalia si mingi kwa mtu ambaye hujenga nyumba kwa mshahara, tofali kwa tofali, na ambaye amewaona wenziwe waliongoja kiinua mgongo ndipo waanze kununua saruji. Mmoja wao, mwalimu aliyenifundisha sarufi, alikufa nyumba yake ikiwa na kuta bila ya paa. Nalikwenda kwenye maziko, tukakaa uani katikati ya kuta zile, na mvua ikanyesha.

Tukakubaliana kwamba tutatafuta mji wa pwani, wenye jua na wenye hospitali, usiotuzidi kwa gharama. Dar es Salaam yenyewe tuliiacha bila ya mjadala, imetuchosha. Bagamoyo tuliipenda, lakini i karibu mno, na mke wangu alisema kwamba wanafunzi wangu watanifuata huko na tasnifu zao hata kitandani. Mtwara ina bandari nzuri yenye kina na watu wapole, walakini ni mbali na watoto wetu. Unguja ina sheria zake za ardhi, maana ardhi si jambo la Muungano. Mombasa ni mji ambao naliutamani tangu ujana kwa ajili ya washairi wake, ila Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haimpi mgeni ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Nalimwambia mke wangu kwamba miaka 99 yanitosha kabisa. Akajibu kwamba hakuolewa ili afe mgeni. Basi ukabaki Tanga.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, Tanga si mji tu. Hapo ndipo Wajerumani walipofungua shule ya serikali mwaka 1892, na hapo ndipo gazeti la Kiongozi lilipopigwa chapa miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, likaandikwa na watu weusi waliosoma katika shule ile na nyingine za namna yake. Karibu na mji, katika kijiji cha Vibambani, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Alifanya kazi forodhani Pangani, akapelekwa Mpwapwa, akarudi Tanga, akafa mwaka 1962 na kuzikwa Machui. Nimemfundisha mtu huyu maisha yangu yote. Nikiwaza juu ya uzee, nawaza juu yake, na yeye mwenyewe alikiita kitabu cha maisha yake Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini.

Lakini haifai nijifanye kwamba tulivutwa na vitabu peke yake. Tulivutwa na upana wa njia, na watu wanaokwenda kazini kwa baiskeli, na machungwa ya Muheza, na Hospitali ya Bombo iliyo hapo hapo mjini. Tulivutwa pia na bei, maana Tanga ulikuwa mji tajiri wa mkonge, kisha mkonge ukaanguka na mji ukasinzia. Mkonge huo, kwa njia, ulitoka Florida. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja, na iliyofika hai mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Nalichekea moyoni nilipokumbuka wazee wangu wa Florida: mmea ulitoka katika jua lao ukaja kustawi katika jua letu, na mimi naufuata nyuma.

Tulikwenda mara ya kwanza mwezi wa Agosti, kilomita zipatazo 350 kwa basi. Pepo za kusi zilikuwa zikivuma, hewa ni baridi kidogo, bahari ya samawati, na mke wangu akatembea Raskazone kutoka mwanzo hadi mwisho bila ya kushika mkono wangu. Naliona jambo hilo nikanyamaza. Jioni dalali mmoja akatufuata. Alisema tufanye haraka, maana tangu mwaka 2017, jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda lilipowekwa Chongoleani, viwanja havikai. Nilipata kujua baadaye kwamba neno "bomba" humpandishia bei hata mwenye shamba la mihogo aliye mbali nalo.

Kesho yake, saa nne ya asubuhi, alitupeleka kukiona kiwanja. Kilikuwa juu ya mchanga mgumu, chenye minazi sita, na bahari ilikuwa mbele yake kama hatua arobaini. Dalali akanyosha kidole akasema, "Mwalimu, maji yamejaa sasa hivi. Hapo ndipo yanapokoma." Naliangalia nikaona ni kweli: maji yalikuwa yamejaa na kutulia, hayasogei mbele wala nyuma. Mke wangu alishaanza kusema jiko litakuwa upande gani. Nikatoa shilingi milioni moja ya arubuni, tukapeana mikono.

Jioni ile nalikwenda peke yangu kwenye baraza moja ya Ngamiani ambapo wazee hukaa na kunywa kahawa. Nikawaamkia, wakaniitikia, wakanipisha nafasi. Mmoja wao, mvuvi aliyekwisha kuacha uvuvi, aliniuliza nimetoka wapi, nami kwa furaha nikamweleza habari yote ya kiwanja, na maji, na hatua arobaini. Akauliza tulikwenda saa ngapi. Nikamwambia. Akatazama juu, akaona mwezi, akatabasamu.

"Mwalimu, mwezi u nusu," akasema. "Hayo mliyoyaona ni maji mafu. Rudi mwezi ukiwa mpevu, bamvua, saa kumi alasiri. Kisha uje unywe kahawa."

Msomaji, ni vigumu kueleza aibu iliyonipata. Neno hilo bamvua nimelifundisha kwa miaka kumi na saba. Nimewaambia wanafunzi kwamba ni maji makuu, yajayo mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Na maji mafu ni yale madogo ya kati, mwezi unapokuwa nusu. Nimewatungia maswali ya mtihani juu yake, nikawakata alama waliokosea. Wala sikupata hata siku moja kusimama ufukweni nikayangoja. Nalikuwa nalo neno, na maana yake nalikuwa nayo, lakini nilipoonyeshwa maji yenyewe sikuyatambua, nikalipa milioni moja.

Tulirudi baada ya siku nane. Tulifika saa tisa, tukakaa chini ya mnazi. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita tatu kutoka kupwa hadi kujaa, nami nalijua hesabu hiyo, lakini hesabu haina sauti. Maji yalikuja taratibu, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Yalipita pale dalali aliponyosha kidole. Yalipita jiwe la mpaka wa mbele. Ilipopata saa kumi yalikuwa yakizunguka mizizi ya minazi miwili ya kwanza, na mke wangu amevua viatu. Hatukusemezana. Kisha yeye akaanza kucheka, nami nikacheka, ingawa si kwa moyo sana.

Nilipouliza kwa watu wajuao mambo hayo nikaambiwa kwamba hata kama maji yasingefika, kiwanja kile kisingefaa, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Arubuni haikurudi. Dalali alisema kwamba yeye alisema kweli, maji yalikuwa yamejaa. Na nikipima maneno yake kwa sarufi sioni kosa.

Nalirudi barazani kama nilivyoagizwa. Wazee hawakunicheka. Yule mvuvi alinimiminia kahawa akasema, "Kiswahili chako cha vitabuni, Mwalimu, lakini chasikika." Mwingine akaongeza usemi wa mji wao, waja leo waondoka leo, akanitazama aone nitafanyaje. Usemi huo hutafsiriwa kwa namna nyingi. Wengine husema ni sifa ya ukarimu, wengine ni dhihaka kwa wageni. Sikuweza kujua siku ile ulisemwa kwa maana ipi, na sikuuliza, kwa kuwa nimekwisha kujifunza gharama ya kudhani kwamba najua.

Tukaamua kwamba hatutanunua chochote kabla ya kuujua mji katika mwezi wake mbaya. Tukapanga vyumba viwili mbali na bahari, tukakaa majuma matatu ya mwezi wa Februari. Jua la Februari si lile la Agosti. Usiku hewa husimama, shuka hushika mwili, na umeme ukikatika panka nalo husimama. Mimi, mtoto wa Njombe, nalilala sakafuni. Naliugua kichwa, nikakasirika bila ya sababu, nikaukumbuka ukungu wa kwetu hata nikaota harufu ya misindano. Mke wangu alilala kama mtoto mchanga. Aliamka alfajiri akaenda sokoni kununua samaki kwa miguu yake, akarudi na kikapu kichwani. Siku ya kumi na mbili nalihesabu kwamba hakutaja magoti hata mara moja.

Baki la kumwambia kaka lilikuwa langu. Nalimpigia simu nikiwa Tanga, maana nilijua kwamba nikimwambia ana kwa ana nitashindwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakutaja shamba wala miti. Alisema, "Mdogo wangu, basi ukifa huko, nani atakupalilia kaburi?"

Nimefundisha ufasaha, nami sikuwa na jibu. Nalimwambia juu ya magoti ya shemeji yake: juu ya usiku ule wa jiko la makaa, ambao yeye alikuwa chumba cha pili na hakuujua. Alinyamaza muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema kwamba aliusikia. Alisikia kila neno, na tangu Julai alikuwa akingoja nimwambie.

Kiwanja tulichokipata sasa kipo upande wa bara wa mji, juu, chekundu udongo wake, na bahari haionekani isipokuwa mtu apande mti. Nalikitembelea siku ya bamvua na siku ya maji mafu, na baada ya mvua kubwa za masika, na usiku. Hati yake ni ya miaka 99. Juu ya kaburi hatujaamua. Mke wangu ataka Tanga, mimi sijasema.

Juma lililopita kaka alipiga simu. Aliuliza kama mti wa parachichi waweza kuota katika udongo wa Tanga, kwa maana ana miche iliyozidi. Nikamwambia kwamba sijui, nitawauliza wenyeji. Akauliza basi la kutoka Njombe hufika Tanga saa ngapi. Nikamwambia kwamba itambidi alale Dar es Salaam kwangu, kisha tuondoke pamoja asubuhi.