"SORRY" YAKO NI IPI?



Leo tulichunguze neno moja la Kiingereza ambalo huenda umelitamka mara kadhaa tangu asubuhi: "sorry".

Hebu hesabu kazi zake. Ukijikwaa kwenye ngazi za kanisa, dada aliye nyuma yako anasema "sorry", na wala si yeye aliyekusukuma. Mgeni kutoka Uingereza angeshangaa: mbona huyu anaomba radhi kwa kosa lisilo lake? Sisi tunaelewa. Hiyo ni "pole" yetu iliyovaa suti. Usiposikia vizuri kwenye simu, unauliza "sorry?", yaani rudia. Dukani unaambiwa, "Sorry, unga umeisha." Ukitaka kupenya kwenye matatu iliyojaa, ni "sorry". Na aliyekuvunja moyo naye anasema "sorry".

Neno moja, kazi nyingi. Hapo ndipo wengi wetu tunapojificha.

Katika Kiingereza cha kale, neno hili ni ndugu wa neno la kidonda. Lilimaanisha mtu anayeumia moyoni. Kuomba msamaha kulikuja baadaye. Na kuumia moyoni si kutubu.

Mtazame Herode katika Marko 6:26. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia neno hili hili juu yake. Mfalme alihuzunika sana alipoombwa kichwa cha Yohana. Alihuzunika kweli! Lakini mstari unaofuata, akamtuma askari. Alikuwa "sorry", na kichwa kikaletwa kwenye sinia.

Mpendwa, huzuni yako haijamrudishia mtu chochote.

Kiswahili chetu hakituachi tujifiche. Kinatulazimisha tuchague. "Pole" ni ya maumivu: nimeona unavyoumia, niko nawe. "Samahani" hutosha ukimkanyaga mtu mguu. Lakini kuna "nisamehe", na hiyo ni nzito mdomoni. Sikiliza ilivyoundwa. Ile "ni" ya mwanzo ni mimi, mkosaji. Na anayeombwa kutenda ni wewe. Nikisema "nisamehe", nimeliweka jambo mikononi mwako. Unaweza kukubali, unaweza kuniambia ningoje.

Ndiyo maana baba aliyemaliza karo ya watoto kwenye kamari anaona heri amwambie mkewe "sorry", macho yakiwa kwenye simu. Neno hilo halimgharimu kitu. Mama anabaki akijiuliza: ananipa pole, au anakiri?

Mwana mpotevu katika Luka 15 hakurudi na neno la kujificha. Alikiri kwamba amekosa, akataja amemkosea nani: mbingu, na baba yake. Zakayo katika Luka 19 alienda mbali zaidi. Aliahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Toba yake ilifika mpaka mfukoni.

Naye Paulo, katika 2 Wakorintho 7:10, anatofautisha huzuni mbili. Moja ni ya Mungu, inakufikisha kwenye toba. Nyingine ni ya dunia, nayo mwisho wake ni mauti. Zote mbili hutoa machozi. Utazitofautisha kwa kile kinachofuata.

Kwa hiyo leo, kabla jua halijatua, fanya mambo matatu. Mtafute yule uliyemtupia "sorry" ya haraka. Litaje kosa kwa jina lake, bila "lakini". Kisha sema "nisamehe", halafu unyamaze. Usimharakishe. Kama kuna cha kurudisha, anza kurudisha, hata kama ni kidogo kidogo.

Baba, katika jina la Yesu, utupe ujasiri wa kusema neno lililo zito. Ponya nyumba zilizochoka kusikia lile jepesi. Amina.

Ni nani anayengoja "nisamehe" yako? Usimwandike hapa chini. Mpigie simu.